Nilimwambia Mama Naenda Kazini

Kwetu huwezi kumwacha mama yako nyumbani ukaenda kutembea. Unaweza kumwacha ukaenda kazini. Hapo hata yeye mwenyewe atakukunjia nguo, atakuombea mlangoni, na wakiuliza uko wapi atajibu kwa kujidai kidogo kwamba mtoto wake hana hata nafasi ya kupumua. Sisi tuliokuja Amerika tunalijua neno hilo vizuri. Hukufika kwenye arusi? Ulikuwa kazini. Hukupokea simu ya mjomba? Kazini. Nimekaa maeneo haya ya Washington miaka kumi na sita na sijawahi kumsikia Mkenya mwenzangu akiulizwa, "Kazi gani hiyo?" Hatuulizani. Kila mtu ana lake aliloficha nyuma ya neno hilo.

Mimi nilificha boti. Wacha nieleze polepole, maana nikienda haraka nitaanza kujitetea, na safari hii sitaki kujitetea.

Kuna mama mmoja, mzaliwa wa Uswidi, anayekaa Takoma Park katika nyumba ya zamani yenye kibaraza cha mbao. Nilimuuguza mumewe miaka mitano. Nilikuwa natoka kwangu Manassas alfajiri na treni ya wafanyakazi, nabadilisha mjini, nashuka Takoma, natembea dakika kumi, na kufikia saa tatu na nusu mzee ameshaoga, ameshakunywa uji wake, anatazama ndege dirishani. Alipofariki ni mimi niliyemfumba macho. Baada ya mazishi yule mama alinishika mikono yote miwili akasema sasa mimi si mfanyakazi wake tena. Akasema kila mwaka, mwisho wa Septemba, yeye na kaka yake huzunguka na boti ya matanga katika visiwa vya kwao, mara ya mwisho kabla boti haijapandishwa nchi kavu kukwepa barafu. Mwaka mmoja na mimi nitakuja. Nitakuja kama mgeni, sitamshika mtu mkono.

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, jinsi tunavyowaitikia wazungu wakituahidi makubwa. Miaka miwili ikapita. Nikapata kazi nyingine, kwenye makao ya wazee, nikasahau. Yeye hakusahau. Tiketi yangu ilikuja mwezi wa tano.

Mwezi wa saba mama yangu naye akapata viza.

Viza hiyo tulikuwa tumeiomba mara tatu. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko upande wa Kitale, mjane, mgonjwa wa sukari, mtu wa kanisa kupindukia. Alifika na sanduku moja la nguo na jingine la unga wa wimbi na vitambaa vya kochi alivyovifuma mwenyewe kwa mkono, eti viti vyangu viko uchi. Angekaa mpaka katikati ya Oktoba. Safari ya boti ilikuwa siku tisa mwisho wa Septemba, yaani siku tisa kati ya zile chache zilizokuwa zimebaki. Mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angemwandikia yule mama wa Takoma Park: samahani, mama yangu yuko hapa, sitaweza. Na angeeleweka. Niliuandika ujumbe huo nikaufuta. Nikauandika tena, nikaufuta tena. Ukweli ni kwamba nilitaka kwenda. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, lakini kuchoka si sababu, kila mtu amechoka. Nilitaka tu siku tisa ambazo hakuna mtu ananiita kutoka chumba kingine.

Basi siku moja jikoni, mama akikata sukuma wiki, nikamwambia huku nimempa mgongo, "Mama, nitasafiri kidogo. Yule mama niliyekuwa namuuguzia mume anaenda kwao Uswidi. Anahitaji mtu wa kumshika kwenye boti."

"Boti?"

"Ya matanga. Huko kuna visiwa vingi, wanazunguka."

"Si huko baridi imeshaanza?"

"Imeanza."

"Na wewe hujui kuogelea."

"Mama, ni kazi."

Nilisikia kisu kimesimama. Halafu kikaendelea. "Basi kama ni kazi," akasema, "utafanyaje."

Binti yangu wa miaka kumi na sita alikuwa mezani na vitabu vyake. Huyu anaelewa Kiswahili chote, hata kile unachokisema chini chini ili asielewe, lakini majibu yake ni ya Kiingereza. Alinifuata chumbani akafunga mlango. Akaniambia hii ni likizo, kwa nini nisimwambie kukhu ni likizo? Kukhu ndiyo nyanya, kwa lugha ya nyumbani. Ni moja ya maneno yetu machache anayoyatamka bila aibu. Nikamwambia hayo ni mambo ya watu wazima. Akaniangalia jinsi watoto wa hapa wanavyotuangalia, akasema, "Okay," akarudi kwenye vitabu.

Kabla sijaondoka nilimchorea mama karatasi. Kazini kwetu kila mgonjwa ana karatasi yake: saa ya chakula, saa ya dawa, saa ya kupimwa, na kisanduku cha kuweka alama ukishamaliza. Ndiyo akili yetu ya kazi, kisicho na alama hakikufanyika. Nikaibandika ya mama kwenye friji, nikamkalisha, nikamwelekeza kama ninavyowaelekeza wafanyakazi wapya. "Dawa ya sukari usikose hata siku moja, mama. Hata siku moja." Nilirudia mara tatu. Sikusema neno juu ya kumeza dawa bila kula, kwa sababu chakula na dawa vilikuwa mstari mmoja, na mambo yalikuwa wazi. Kwangu yalikuwa wazi.

Asubuhi ya kuondoka aliniwekea mkono kichwani, akaomba mpaka dereva wa teksi akapiga honi. "Baba, mrudishe mtoto wangu kutoka kwenye hayo maji aliyotumwa." Aliyotumwa, alisema. Nikaitikia amina, nikabeba begi langu.

Sasa hayo maji. Ningependa kusema sikuyafurahia, mambo yangekuwa rahisi zaidi.

Boti ilikuwa ya kaka mtu, mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye maneno machache sana. Tuliipandia kwenye mji mdogo nje ya Stockholm siku ya Jumatatu. Mimi nikisikia visiwa nilikuwa nafikiria viwili vitatu. Jamani, ni maelfu! Vingine vina msitu na nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, vingine ni jiwe tupu la ukubwa wa meza na ndege mmoja amesimama juu yake. Msimu ulikuwa umeisha. Madirisha yamefungwa, vibanda vya aiskrimu vimefungwa, gati hazina hata mtu wa kukusalimia. Miti yenye magome meupe imegeuka manjano, na asubuhi ukitoka nje unakuta umande umeganda juu ya boti, unakanyaga ukiteleza. Tulivaa sweta mbili mbili, tukala samaki wa siki na mkate mkavu unaovunjika kama kadibodi. Niliyaonja maji ya bahari yao kwa kidole, hayana chumvi ya maana.

Watu wa Pwani wana jina la kila kamba ya chombo. Mimi wa Kitale zote naziita kamba, na yule mzee hakunisumbua. Alinipa kazi moja tu. Huko jioni hawatafuti bandari, wanatafuta mwamba. Unaangusha nanga nyuma, boti inasogea taratibu pua mbele mpaka karibu iguse jiwe, halafu mtu mmoja anaruka kutoka puani na kamba mkononi, anaifunga kwenye mti. Mtu huyo nikawa mimi. Wewe fikiria: miaka yote hiyo nimefundishwa kuzuia watu wasianguke. Nashika viuno, nasema polepole, weka mguu huu, sasa huu, vizuri sana. Leo mtu ananiambia ruka! Jumatatu niliteremka kwa makalio. Jumanne niliruka nimefumba macho. Jumatano niliruka kabla sijaambiwa, yule mzee akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tuonane, na dada yake akapiga makofi.

Jumatano hiyohiyo mchana walikuwa wamenipa usukani. Ni mti tu, mpini mrefu wa mbao. Ukiusukuma kulia boti inaenda kushoto, kwa hiyo robo saa nzima nilikuwa nazungusha watu wazima kama kuku aliyekatwa kichwa. Halafu mkono ukaelewa. Upepo ulitoka pembeni, tanga likajaa, boti ikalala ubavu kidogo na kukaza mwendo, na hapakuwa na sauti ya injini, maji tu. Nilicheka. Hakuna aliyesema kichekesho. Nilicheka mpaka machozi, mdomo wazi, jino langu la nyuma lililong'olewa likionekana, na hapo ndipo yule mama alipopiga picha.

Ukiniuliza kwa nini sikupatikana kwenye simu siku hizo, ningependa kukujibu kwamba huko hakuna mtandao. Upo. Mzee alikuwa akiangalia hali ya hewa kwenye simu yake kila asubuhi. Yangu niliizima mwenyewe. Jumatatu mama alinipigia, akauliza, "Kazi inaendaje? Wanakulisha?" Jumanne akapiga tena. Nilikuwa nimekaa juani na kikombe cha kahawa, blanketi la sufu magotini, nimeegemea. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. Niliitengeneza hiyo sauti. Haki ya Mungu niliitengeneza, kama mtoto anayetaka asipelekwe shule. "Ni hivyo tu, mama. Baridi. Tunajikaza." Akasema, "Woi, mwanangu." Nilipokata nilijisikia vibaya mno, na badala ya kumpigia tena na kumwambia ukweli, nikazima simu. Nikajiambia natunza betri.

Niliiwasha Jumamosi asubuhi, tukiwa tumefungwa kwenye mwamba mmoja mbali kabisa upande wa bahari kuu. Na nikiri nilivyoiwasha: sikutaka kuuliza hali ya mtu, nilitaka kumtumia binti yangu ile picha ya usukani. Simu ikaanza kutetemeka mezani, ikatetemeka bila kukoma, yule mama akaweka kijiko chini. Nikasoma ujumbe wa mwisho kwanza. Kukhu alikuwa amelazwa hospitali tangu jana. Binti alikuwa ameniandikia tafadhali, tafadhali, tafadhali.

Nikampigia, akapokea kabla simu haijaita vizuri. Akanieleza. Ijumaa alitoka shule akamkuta kukhu amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kiko juu ya godoro, amelowa jasho nguo zote. Alimwita, kukhu akamjibu kwa lugha ya nyumbani, maneno ambayo mtoto hayajui, na hakumtambua. Akaita ambulensi. Kule wakaona sukari imeshuka karibu kuisha.

"Unajua kwa nini?" akaniuliza. Alikuwa anaongea taratibu, kama anasoma. "Alikuwa amefunga. Tangu Jumatano. Kwa ajili yako. Alisema Jumanne alisikia sauti yako, akajua unateswa huko baharini, na wewe umelazimishwa na kazi huwezi kukataa. Akafunga mpaka utakapotoka kwenye maji. Lakini dawa alimeza zote, kwa sababu ulisema asikose."

Sasa nitakuambia nilichosema, na sijawahi kumwambia mtu. Sikuuliza kama mama ameamka. Sikumwuliza mtoto kama amekula, alilala na nani. Nilisema, "Umemwambia ni likizo?"

"Hilo ndilo swali lako, Mum?" akasema.

Yule mzee alinitazama usoni, akaenda kufungua kamba mwenyewe, akavuta nanga, akawasha injini kwa sababu upepo ulikuwa unatujia usoni. Ilituchukua siku nzima kufika bara. Dada yake alinipakia mkate siagi, akaniwekea mkononi, nikakaa nao mpaka siagi ikaingia kwenye glavu. Nilikuwa nahesabu kwa kichwa: Jumatano niliyopewa usukani ndiyo Jumatano aliyoanza kufunga. Nikicheka, yeye yuko magotini. Visiwa vilipita kimoja baada ya kingine, vizuri vilevile, na nilivichukia vyote.

Nilifika hospitalini Jumapili mchana moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, nikinuka moshi na samaki. Mama alikuwa amekaa, dripu mkononi, uso umepungua. Binti yangu alikuwa kwenye kiti na hakuinuka.

"Umetoka," mama akasema. Akanishika mikono, akaigeuza, akaona malengelenge ya kamba viganjani. "Woiye, tazama walivyokufanya." Akavipuliza viganja vyangu, vile alivyokuwa akifanya nilipoungua na sufuria utotoni. Kisha akauliza kwa wasiwasi, "Na wamekuruhusu? Hawatakufuta kazi kwa ajili yangu?"

"Hapana, mama. Hawatanifuta."

Binti yangu akainuka, akatoka nje ya chumba.

Nilipofika nyumbani kumchukulia nguo safi niliikuta ile karatasi kwenye friji. Mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima. Jumatatu alama kila mahali. Jumanne alama kila mahali. Kuanzia Jumatano, kwenye visanduku vya chakula, asubuhi, mchana na jioni, ameandika "Nimefunga." Kwenye visanduku vya dawa, alama. Hakutaka kunidanganya hata kwenye karatasi ambayo mimi nisingejua. Nikakaa chini palepale jikoni, kwenye sakafu, nikalia kwa sauti mpaka jirani wa juu akagonga.

Nilisema nitamwambia akipata nguvu. Akapata nguvu. Nikasema nitamwambia baada ya Jumapili.

Kanisa letu ni dogo, tunapanga ukumbi wa kanisa jingine huko Takoma Park, tunaingia mchana wenyewe wakishatoka. Siku hiyo mama aliomba nafasi ya ushuhuda. Alisimama na kitambaa chake kichwani. "Bwana asifiwe!" Tukaitikia. "Tena asifiwe!" Tukaitikia. Akasimulia yote: jinsi mtoto wake alivyotumwa na kazi kwenye bahari ya barafu, yeye asiyejua kuogelea, jinsi alivyoisikia sauti yake kwenye simu, sauti ya mtu anayezama, jinsi alivyofunga, jinsi shetani alivyotaka kumchukua yeye mama badala ya mtoto, na Mungu akasema hapana, wote wawili ni wangu. Watu walilia. Baba mmoja Mkongomani nyuma yangu alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja na kusema aleluya, aleluya. Binti yangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mchungaji akaniita mbele niongeze neno. Nafasi hiyo, watu wamenyamaza, maikrofoni mkononi, mama ananitazama kwa macho yenye maji. Ningeweza. "Namshukuru Mungu," nikasema, "aliyenilinda kazini."

Wakati wa chai alinijia kaka mmoja wa kanisani, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu, anayekiongea sanifu kutushinda sisi sote. "Pole sana, dada yangu," akasema. "Waajiri wa namna hiyo hawana utu." Nikamjibu asante, nikamwomba radhi, nikaenda chooni nikafungua bomba la maji nikasimama tu.

Siku nne kabla ya kurudi kwao, mama akasema lazima tumwone mwajiri wangu. Nikamwambia hakuna haja. Akasema, "Huyo mtu alikuachilia katikati ya kazi uje unizike. Hata kama ni mkali, ataenda bila asante?" Nikatoa visingizio vitatu, akavikunja vyote akaviweka kando. Alikuwa ameshamalizia kitambaa cha kochi, cheupe chenye maua pembeni, amekifunga kwenye gazeti.

Yule mama wa Takoma Park alikuwa amesharudi. Alitufungulia mlango kabla hatujabisha, akamkumbatia mama yangu muda mrefu, wawili hao wajane, mmoja mrefu mmoja mfupi. Alikitandika kile kitambaa palepale kwenye kiti cha marehemu. Akatupa kahawa na mikate midogo yenye iliki. Mimi nilikaa katikati yao kama mlinzi. Nikujulishe jambo hapa: mama yangu alifundisha Kiingereza darasa la nne maisha yake yote, ila tangu afike alisema hiki cha Wamarekani kinampita masikioni, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kumtafsiria dukani, kwa daktari, kila mahali. Nikajitegemeza kwenye hilo.

Yule mama akainama mbele akasema pole pole, neno kwa neno, na lafudhi yake ya Uswidi ambayo ni safi kuliko ya Wamarekani wote, kwamba anasikitika sana likizo yangu ilikatizwa, na kwamba hajawahi kumwona mgeni aliyeifurahia boti yao namna ile.

Mama akanigeukia.

"Anasema," nikasema, "anasikitika kazi ilikatizwa."

Mama alinitazama. Halafu akachukua mkate mdogo, akaumega, akala kipande. "Mwambie asante," akasema.

Tulipokuwa tunaaga mama yangu alisimama mbele ya friji jikoni. Ile picha ilikuwa pale, imechapishwa, imebanwa kwa sumaku: mimi na mpini wa mbao, tanga limejaa juu yangu, mdomo wazi, pengo nje. Aliitazama mpaka mwenye nyumba akaibandua akampa. Mama aliifungua Biblia yake ndani ya mkoba, akaiweka humo, akaufunga mkoba. Kwenye gari kutoka Takoma Park mpaka Manassas aliongea juu ya mikate ya iliki, kwamba kwetu wangeikaanga.

Siku nne. Kila asubuhi niliamka nikisema leo. Siku moja nilimsuka nywele, nikiwa nyuma yake, mahali rahisi kabisa pa kusema jambo, nikasema sukari yako leo ni ngapi. Nilimfungia masanduku. Nilimwandikia karatasi mpya ya kwenda nayo, na safari hii niliandika juu kabisa kwa herufi kubwa: USIMEZE DAWA BILA KULA. Akaisoma, akatikisa kichwa kukubali, akaikunja. Alikuwa mpole kwangu siku zote hizo nne. Afadhali angenichapa.

Uwanjani mtu wa kiti cha magurudumu alikuja mapema kuliko tulivyotegemea. Binti yangu alimkumbatia kukhu akamwambia kitu sikioni, kwa Kiswahili, nilikisikia: "Asante kwa kukaa na mimi." Miaka kumi na sita namwomba anijibu kwa Kiswahili. Akasogea pembeni kutuachia nafasi.

"Mama," nikaanza.

"Subiri." Alifungua mkoba, akafungua Biblia, akatoa ile picha. Aliishika mbali kidogo, vile anavyoshika vitu bila miwani. "Nimekaa kwako miezi mitatu," akasema, "na meno haya sikuyaona." Hakuwa na hasira, na mimi niliitafuta hiyo hasira usoni mwake kwa bidii, niombe msamaha kwa kitu kinachoonekana. Akairudisha picha ndani ya Biblia, akakaa kwenye kiti, akapanga mkoba mapajani. Mtu wa kiti akauliza kama tuko tayari. Mama akamwinulia kidole, kama mwalimu, angoje kwanza.

"Siku nyingine ukienda kufurahi," akaniambia, "niambie ni kufurahi. Nitakula."